Nagaa Kwenye Swali la Saba

Kwa siku mbili za likizo ya Agosti nilitembea na kadi shingoni. Ilikuwa ya plastiki, utepe wake wa bluu, na chini ya nembo ya chuo kikuu paliandikwa neno moja: MKALIMANI. Jina langu halikuwepo. Asubuhi ya kwanza, nikivaa viatu mlangoni kwetu mtaa wa Kiwanjani, Isiolo, mama aliisoma kadi mara mbili, kisha akacheka mpaka pini za kushonea zikamtoka mdomoni.

"Chuo kizima kimekosa watu, kikachukua mkalimani bubu."

Sikukasirika. Ni kweli mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, lakini likifika kooni linagoma kama mbuzi aliyeletwa hadi mlangoni akakataa kuingia. Ninachoweza ni kuandika. Nina daftari la jalada gumu ambalo naandika kila jioni nani alisema nini, na nikiandika sikosei. Hilo nasema bila kujisifu. Mwalimu wetu wa jiografia analijua, na ndiyo maana chuo kikuu kilipomwuliza kama ana mwanafunzi anayejua Kiborana na Kiswahili sawasawa, alinielekezea kidole mimi wa Kidato cha Tatu, akaacha wale wanaoshinda midahalo.

Hiyo ilikuwa Aprili. Chuo kilikuwa kimepewa kazi ya kutathmini mradi wa maji kule Kinna. Kiongozi wa kazi alikuwa mhadhiri mmoja, mama wa upande wa Meru, ambaye wote walimwita Daktari. Kwenye gari nilimwuliza kutathmini ni nini hasa. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi ainame.

"Ni kwenda kuuliza kama mradi ulisaidia watu," akasema, "ama ulisaidia picha tu."

Nikaliandika hilo papo hapo, gari likiruka kwenye mashimo.

Wa tatu wetu alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, kijana mrefu wa takwimu, aliyebeba tableti kifuani kama mtoto mchanga. Kazi ilikuwa hivi: Daktari anauliza kwa Kiswahili, mimi natafsiri kwa Kiborana, mwenye boma anajibu, mimi narudisha jibu, yule wa takwimu anabonyeza. Dakika kumi kila boma, halafu tunaaga, kwa sababu maboma yalikuwa mengi na siku zilikuwa nne.

Maswali sita ya kwanza hayakuwa na shida. Una mifugo gani. Unatembea umbali gani. Maji yanatoka kila siku, ndiyo au la. Watu walijibu moja kwa moja. Ndipo likaja swali la saba: hori ya kunyweshea mifugo ikoje? Hori yenyewe ilikuwa ya simenti, ndefu, imejengwa kando ya kisima cha sola. Kwenye tableti kulikuwa na majibu manne ya kuchagua: mbaya, wastani, nzuri, nzuri sana.

Nilitafsiri vizuri kabisa. Na boma la kwanza, mzee akajibu, "Nagaa."

Nikamgeukia wa takwimu. "Nzuri."

Akabonyeza.

Boma la pili, nagaa. La tatu, nagaa. Kufikia saa sita, yule wa takwimu alikuwa hata haningojei. Akisikia nagaa anabonyeza nzuri, ananikonyeza. "Unaona, mkalimani? Karibu nihitimu Kiborana."

Sasa, kila mtu aliyelelewa na Waborana anajua nagaa ni nini, na mimi nilijua kuliko yeye. Nagaa ni amani. Ukiulizwa watu wa nyumbani wako aje, nagaa. Ng'ombe, nagaa. Mvua, nagaa, hata kama haijaonekana msimu mzima. Aliyefiwa asubuhi hiyo pia anasema nagaa, kwa sababu hutupi habari mbaya usoni pa mtu kama maji machafu. Mnaweka amani kwanza, mnakaa, chai inakuja, ndipo unasema, "Isipokuwa..." Habari yote iko baada ya hapo. Sisi tulikuwa tunaaga kabla maji ya chai hayajachemka.

Nilijua, na sikuliona. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu wakati ule. Nadhani lugha ya nyumbani ni kama mlango wa nyumbani, hata hukumbuki kuna mlango.

Siku ya tatu tulifika kwa akko wangu, yaani nyanya yangu mzaa mama, mwenye mbuzi wengi kuliko uvumilivu. Aliposikia mgeni anaitwa Daktari alipandisha gauni kidogo akamwonyesha goti. Ilibidi nieleze kwamba huyu ni daktari wa vitabu.

"Vitabu vinaumwa?" akauliza.

Nilitafsiri. Daktari akasema wakati mwingine vinaumwa sana.

Tukaendelea na maswali. Tulipofika la saba, akko alinitazama mimi mjukuu wake, niliyelala kwake likizo ngapi, akanijibu kama mtu wa serikali: "Nagaa." Yule wa takwimu akabonyeza. Wakasimama. Daktari akaniambia nimalizie chai yangu na akko, wao watatangulia boma la jirani, hata mimi nahitaji kusalimia wangu.

Walipopita ua tu, akko akamimina kikombe cha pili.

"Intala," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, binti. "Isipokuwa ile hori wamejengea ngamia."

Akanishika mkono hadi kisimani nikaone. Ukingo wa hori ulinifika karibu na kiuno. Ng'ombe walikuwa wanakunywa bila shida. Mbuzi walisimama pembeni wakinusa simenti, wengine wakijaribu kupanda kwa miguu ya mbele na kuteleza. Akko aliinama, akachota kwa karai, akalibeba, akaliweka chini, mbuzi sita wakanywa na wa saba akalipindua. Akachota tena. Anafanya hivyo asubuhi na jioni, na goti ni lile aliloonyesha.

"Wanawake wote wenye mbuzi wanachota hivi?"

"Wewe uliona mbuzi gani ana ngazi?"

Nikacheka. Jioni niliandika yote, karai, ngazi, na yule wa saba aliyepindua. Kwa Daktari sikusema kitu. Nilijiambia kazi yangu ni kutafsiri maswali, chai si sehemu ya kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kuongea bila kuulizwa.

Miezi ikapita. Mwezi wa nane chama cha watathmini kikaleta kongamano lao hapa Isiolo, kwenye hoteli moja yenye ukumbi mkubwa, na chuo kikapata nafasi ya kuwasilisha kazi ya Kinna. Daktari akaomba ruhusa kwa mwalimu wangu na kwa mama ili nije nisaidie kwenye meza yao. Ndivyo nilivyopata kadi.

Siku ya kwanza ilikuwa nyepesi. Nilipanga vijitabu, nikagawa kalamu, nikaonyesha watu choo kiko wapi na mahali pa kuswalia adhuhuri. Watu wazima waliovaa suti waliniuliza mambo kwa heshima na nilijibu kwa sentensi fupi, na jioni nikagundua nilikuwa nimejibu watu zaidi ya ishirini bila kufa. Nilirudi Kiwanjani nikitembea katikati ya barabara.

Siku ya pili asubuhi wakaleta bango. Lilikuwa refu kuliko yule wa takwimu, na alikuwa amelichapisha kwa rangi. Katikati kulikuwa na grafu ya nguzo. Nguzo ya umbali wa kutembea, nguzo ya maji kutoka kila siku, na mwisho kabisa, juu kuliko zote, nguzo ya kijani: KURIDHIKA NA HORI YA MIFUGO. Chini yake waliandika kwamba wafugaji wameridhika na ramani ya hori, na inapendekezwa ramani hiyohiyo itumike kwingine.

Nililisoma nikiwa na gundi mkononi. Ile nguzo ilikuwa neno langu. Ilikuwa ni mdomo wangu umesema "nzuri, nzuri, nzuri", umepakwa kijani na kusimamishwa mbele ya watu.

Hata hivyo labda ningenyamaza, maana kunyamaza nimezoea. Lakini akaja bwana mmoja mwenye kofia mkononi, akainamia bango, akatingisha kichwa kwa furaha. Alikuwa injinia wa ule mradi.

"Hii ya hori imenifurahisha," akamwambia wa takwimu. "Burat tunaanza mwezi ujao. Ramani hii hii, hatubadilishi kitu."

Burat kuna watu wa kila aina, wenye mashamba na wenye mifugo, na wenye mbuzi ni wengi. Nikaona makarai. Niliyaona kweli, yamepangwa mpaka mwisho wa ukumbi, na kila karai lina goti lake.

Uwasilishaji wetu ulikuwa baada ya chai ya saa nne. Nilianza na wa takwimu kwa sababu ndiye wa karibu na ndiye wa kuchekacheka.

"Kaka, ile nguzo si ya kweli."

"Takwimu hazidanganyi, mkalimani."

"Hazijadanganya. Mimi ndiye nilitafsiri vibaya. Nagaa si nzuri."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni salamu."

Alikuwa anataka kutafuna sambusa. Aliishusha polepole kwenye sahani. "Zote?"

"Zote za swali la saba."

"Na unaniambia saa hii, maikrofoni zikiwa zinajaribiwa." Hakupaza sauti, ila masikio yake yalibadilika rangi. "Mwambie Daktari. Mimi siwezi, mimi nitatapika."

Daktari alikuwa amesimama peke yake karibu na dirisha, anapitia karatasi zake. Nilimfikia, na neno likafika kooni, likagoma. Basi nikafanya ninachoweza. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa akko nikampa.

Alisoma akiwa amesimama. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Niliangalia viatu vyake.

"Nagaa ni nini, mwanangu?"

"Amani."

"Ndiyo, lakini mtu akikwambia hori ni nagaa, si anamaanisha iko sawa?"

Wakati huo mhudumu wa hoteli akapita na birika la chai, dada mmoja wa kwetu, namjua kwa sura ya mtaani. Nikamsalimia kwa Kiborana. Nikamwuliza watu wa nyumbani. Nagaa. Nikamwuliza kazi ya leo. Nagaa. Akamimina. Daktari alikuwa ananitazama kama anayesema, kwa hivyo? Nikainua kidole kidogo, kumwomba asubiri. Nikanywa funda moja. Sikusema kitu, na kutosema kitu ndiyo kazi ninayoijua vizuri zaidi duniani.

Yule dada akaweka birika mezani. "Isipokuwa viatu," akasema, sasa kwa Kiswahili, akimtazama Daktari. "Wametununulia vyote saizi moja. Tangu alfajiri vidole vyangu vinalia."

Daktari hakucheka mpaka dada alipoondoka. Kisha alicheka taratibu, akifunika mdomo kwa daftari langu, halafu akaacha kucheka ghafla.

"Chai," akasema. "Tulikuwa tunakimbia chai."

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa nini hukuniambia Kinna?"

"Hukuniuliza." Nilitaka kuirudisha ile sentensi. Lakini niliisema bila ukaidi, na ndivyo alivyoichukua.

"Ni kweli," akasema. "Sikukuuliza kitu hata kimoja. Nilikufanya bomba." Akatazama saa ya ukutani. "Sasa nakuuliza. Majibu ya yale maswali sita mengine ni sawa?" Nikaitikia kwa kichwa. " Utasoma huu ukurasa mbele ya watu?"

Mdomo wangu ukasema ndiyo. Mpaka leo sijui ni nani aliyeutumia.

Ukumbini Daktari aliwasilisha vizuri, umbali, maji, yote yenye ndiyo na la, na hayo yalikuwa ya kweli. Ilipofika slaidi ya nguzo ya kijani akasimama pembeni yake. "Hii," akasema, "ni makosa, na ni makosa yetu. Tulikwenda kuuliza watu kitu kizito kwa dakika kumi, wakatusalimia, sisi tukahesabu salamu. Aliyeyagundua ni mkalimani wetu."

Watu wakageuka. Nilipanda. Maikrofoni ilikuwa na kimo cha Daktari, ikabidi niikunje shingo, nikafikiria, hata hii imejengewa ngamia. Wazo hilo likanisaidia. Nikafungua daftari.

Nilisoma kwa Kiborana kwanza, maneno ya akko kama alivyoyasema, halafu kwa Kiswahili. Nilisoma karai. Nilisoma mbuzi wa saba. Nilipofika kwenye ngazi, upande wa kushoto ambako wamekaa watu wa kaunti walicheka kabla sijatafsiri, na nilipotafsiri ukumbi wote ukacheka, na nikasubiri wamalize kama mtu aliyezoea. Sauti yangu ilikuwa ndogo ila haikutetemeka. Kwa maikrofoni sauti ndogo inatosha, hilo nilikuwa sijui.

Bwana mmoja mbele akasimama. "Daktari, kwa hivyo data yenu yote ni bure?"

"Swali moja ni bure," akajibu. "Mengine sita mkalimani amenithibitishia. Hili la saba tunalirudia, na safari hii tutakunywa chai."

Kisha yule injinia akasimama na kofia yake. Nilijua atakasirika. Alinitazama mimi, hakumtazama Daktari.

"Wewe msichana. Iwe na kimo gani?"

Sikujua kwa mita. Nikatoka nyuma ya maikrofoni ili anione, nikainama, nikaweka kiganja chini ya goti langu.

"Hapa."

Akaangalia kiganja. Akatoa kitabu mfukoni. "Hapo ni goti lako. Nataka shingo ya mbuzi. Burat itangoja, sitamwaga simenti kabla sijapima."

Nilishuka jukwaani. Yule wa takwimu alikuwa ameshanitengea kiti, na juu ya kiti kaweka sambusa kwenye karatasi. "Mkalimani," akaninong'oneza, "umeniua."

Mama nilimweleza jioni, akishona. Alisikiliza bila kusimamisha cherehani. Mwishoni akasema, "Umemtangaza mama yangu kwa goti lake," na akaendelea kushona. Lakini nilipoamka asubuhi, utepe wa kadi yangu uliokuwa umefumuka alikuwa ameushona.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Kinna, sisi watatu na injinia. Tulianzia kwa akko kwa sababu wa takwimu alisema pale ndipo penye mbuzi wenye msimamo. Injinia alipiga magoti zizini na futi ya kupimia, suruali yake ya kazi ikipata inachostahili. Mbuzi mmoja akakataa. Wa pili akala kona ya kitabu.

"Mwambie hajasimama sawa," akko akaniagiza. "Huyo amekunja shingo kwa dharau. Apime yule mweusi, ana adabu."

Nilitafsiri yote, hata dharau. Injinia akapima mweusi, na kitoto chake, akaandika. Tukaenda kisimani akapiga mstari wa chaki kwenye ukingo wa hori, mahali atakapokata na kuongeza hori ya pili, ya chini. Mstari ulikuwa chini hata ya kiganja changu cha siku ile. Akasimama akipangusa magoti.

"Mama, hapo itakuwa sawa?"

Nilitafsiri. Akko aliutazama mstari. Akatutazama sote.

"Nagaa," akasema.

Injinia akatabasamu, akaanza kufunga kitabu. Daktari akamgusa mkono. Yule wa takwimu tayari alikuwa amekaa chini kwenye jiwe, tableti imezimwa, miguu imenyooshwa kama mtu asiye na safari.

Sikutafsiri. Nilikwenda jikoni kuchukua vikombe.